Walijaribu Kuzima Sauti kwa Sumaku

Tangu nizungumzie historia ya mshtuko wa umeme hospitalini, swali moja limejaa kwa jumbe zenu: ati kuna sumaku unawekewa kichwani na zile sauti zinanyamaza? Jibu fupi ni kwamba mashine ipo kweli. Kuna watu iliwanyamazishia sauti ambazo dawa zilikuwa zimeshindwa kuzinyamazisha, kuna wengine haikuwasaidia na chochote, na robo karne baadaye madaktari bado wanavutana. Jibu refu ndilo hili. Tafuta chai, halimaliziki upesi.

Kwanza tuelewane kuhusu sauti zenyewe. Sizungumzii ile sauti yako ya ndani inayokuambia usimtumie mpenzi wa zamani ujumbe saa nane usiku. Mtu mwenye skizofrenia anayesikia sauti husikia kabisa, vile unavyomsikia makanga akiita abiria. Inaweza kuwa ya mwanamume au mwanamke, inamtaja kwa jina, inatangaza kila anachofanya kama mtangazaji wa mpira: sasa anasimama, sasa anafungua mlango, ona huyu mjinga. Kati ya watu 10 wenye ugonjwa huu, karibu 7 hupitia hayo. Na huu si ugonjwa wa kungoja uzee. Mara nyingi huanza kati ya mwisho wa utineja na miaka ya ishirini na kitu. Yaani wewe unayesoma na mimi ninayeandika.

Kabla sijaacha chuo kulikuwa na jamaa kwa hosteli yetu aliyekuwa akiweka redio juu usiku kucha. Majirani walimshtaki hadi wakachoka. Baadaye alieleza kwa nini: muziki ulikuwa unafunika maneno. Familia ilikuwa imempeleka maombi mara tatu kabla mtu yeyote hajataja daktari. Siwacheki wazazi wake. Mtoto wako akikuambia kuna mtu anamwongelesha na chumba ni tupu, utaanzia wapi? Lakini hiyo ndiyo hali ambayo hii historia inaihusu, kwa hivyo mkumbuke huyo jamaa tukianza kuongea juu ya koili na kompyuta.

Kutumia umeme kichwani ni jambo la kitambo sana. Karne ya kwanza, tabibu wa Roma anayeitwa Scribonius Largus aliandika kwamba mtu anayeumwa na kichwa awekewe samaki mwenye umeme pale panapouma. Samaki mzima, akiwa hai. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwitaliano Giovanni Aldini alikuwa akipitisha umeme wa betri kwa vichwa vya wagonjwa wenye huzuni nzito, na mwaka wa 1803 kule London akaupitisha kwa maiti ya mtu aliyenyongwa, mbele ya watazamaji, hadi taya likatikisika. Angekuwa hai leo, huyo angekuwa na wafuasi milioni.

Hapo Roma tena, 1938, ndipo mambo yalichukua sura nyingine. Daktari Ugo Cerletti na msaidizi wake Lucio Bini walikuwa wanatafuta njia ya kumletea mgonjwa degedege kwa makusudi, kwa sababu wakati huo kulikuwa na imani kwamba kifafa na skizofrenia haviishi nyumba moja. Cerletti alienda kichinjio cha mji, akaona nguruwe wakipigwa umeme kichwani ili wazimie kabla ya kuchinjwa, na akagundua kwamba umeme wenyewe haukuwa unawaua. Mwezi wa Aprili wakaujaribu kwa binadamu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamume aliyeokotwa na polisi kwenye kituo cha treni, amechanganyikiwa, anaamini kuna watu wanamwendesha kwa fikra kutoka mbali. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Alipata nafuu kwa muda, na matibabu hayo yakasambaa dunia nzima. Miaka ya kwanza yalifanywa bila dawa ya usingizi, na kuna watu walivunjika mifupa wakitikisika. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi na kulegezwa misuli, na bado yanatumika. Nilishaongea juu yake, sitarudia.

Mwaka wa 1935 kule Lisbon, Egas Moniz alikuwa ameanza kukata nyuzi za ubongo sehemu ya mbele, na akapewa Nobeli mwaka wa 1949. Hapa Kenya inaingia, na si kwa njia nzuri. Kuanzia 1938 hadi 1950 hospitali ya Mathari, Nairobi, ilikuwa chini ya daktari wa serikali ya kikoloni anayeitwa J. C. Carothers. Huyu bwana aliandika mwaka wa 1951 kwamba Mwafrika wa kawaida, mzima kabisa, anafanana na Mzungu aliyekatwa ubongo wa mbele. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mnajua alipata wapi mfano wake? Kwa watu waliofungiwa Mathari. Frantz Fanon alimjibu baadaye kwa maneno makali, na alistahili. Nalileta hili kwa sababu ukiona shangazi yako hataki kusikia habari ya daktari kugusa kichwa cha mtoto wake, usikimbilie kusema ni ushamba. Kuna watu walitumia vichwa vya babu zetu kuandika upuzi, na wakalipwa mshahara.

Dawa zilikuja 1952. Jean Delay na Pierre Deniker, Paris, walianza kutumia klopromazini, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na kidonge kinachopunguza sauti bila kukata mtu wala kumpiga umeme. Wengi walirudi nyumbani. Lakini karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne husikia sauti hata akimeza dawa vizuri kila siku. Hao ndio watu wa hadithi hii. Ukishamaliza dawa zote na bado kuna mtu anakutukana kutoka ukutani, unabaki na nini?

Ili uzime kitu lazima ujue kinatoka wapi. Montreal, Kanada, daktari wa upasuaji Wilder Penfield alikuwa akiwafungua watu wenye kifafa fuvu wakiwa macho, kwa sababu ubongo wenyewe hauna maumivu. Anagusa sehemu fulani kwa waya mwembamba wenye umeme, anamwuliza mgonjwa: unahisi nini? Akigusa upande, karibu na sikio, wengine walisikia muziki. Wengine walisikia watu wakiongea. Hakuna aliyekuwa akiongea. Mwaka wa 1963 yeye na Phanor Perot walichapisha mkusanyiko mrefu wa visa hivyo. Kwa hivyo ilishajulikana kwamba sauti inaweza kutengenezwa ndani kwa kugusa tu mahali pake.

Kulikuwa na fununu nyingine. Mwaka wa 1949, mtafiti anayeitwa Gould alikuza kwa mitambo mnong'ono mdogo sana wa mgonjwa mmoja, mnong'ono ambao hata mgonjwa mwenyewe hakujua anautoa. Maneno yake yalilingana na yale ambayo sauti zilikuwa zinamwambia! Halafu 1993, kikundi cha Philip McGuire kule London kiliwapiga picha za ubongo wanaume 12 wakati wanasikia sauti na wakati kumetulia. Wakati sauti zinaongea, damu iliongezeka kwenye eneo la Broca. Hilo ni eneo la kutengeneza maneno, wala si la kuyasikia tu. Ubongo ulikuwa unaongea na hauna habari kwamba ni wenyewe.

Kama hii inakuchanganya, jaribu kujitekenya. Huwezi, sivyo? Kwa sababu ubongo wako unapotuma mkono, unatuma pia nakala ya agizo: tulia, ni sisi. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake walipima hili na kuchapisha matokeo mwaka wa 2000. Watu wazima walihisi mguso wao wenyewe ukiwa hafifu kuliko wa mtu mwingine. Wagonjwa wanaosikia sauti, au wanaohisi wanaendeshwa na nguvu ya nje, waliona migusano yote miwili ni sawa. Ile nakala haikufika. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mtamu kuliko wote kwenye somo hili, na ulipatikana kwa kutekenya watu mikono.

Sasa sumaku. Mwaka wa 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika inazalisha umeme kwenye waya ulio karibu bila kugusana. Chaja isiyo na waya ya simu yako inaishi kwa hiyo kanuni. Sasa, ubongo umejaa maji ya chumvi na unapitisha umeme, kwa hivyo nao ni kama waya, ila ni waya wenye maoni. Mwaka wa 1896, Mfaransa d'Arsonval aliingiza kichwa ndani ya koili kubwa na akaona mwanga ukimetameta machoni. Halafu kimya, karibu miaka 90, kwa sababu hakukuwa na vifaa vya kutoa mpigo mkali na mfupi vya kutosha.

Mwaka wa 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakabonyeza, mkono wa mtu ukaruka. Hakuhisi maumivu. Miaka mitano kabla yake Merton na Morton walikuwa wamefanya hivyo London kwa umeme wa moja kwa moja kupitia ngozi, lakini ule ulikuwa unauma vibaya. Sumaku inapita kwenye fuvu kama halipo. Inafika sentimita mbili tatu hivi ndani, basi. Unasikia mlio mkali, taa, taa, taa, na kitu kama kidole kikikugonga kichwani, ndiyo maana wanakupa vizibo vya masikio.

Mwanzoni ilikuwa ya kupima mishipa ya fahamu tu. Kisha 1997 watafiti wa Marekani wakaona jambo: ukigonga eneo la ubongo taratibu, karibu mara moja kwa sekunde kwa dakika 15, lile eneo linapoa. Linakuwa zito kuamka hata baada ya mashine kuzimwa. Na hapo kuna mtu mmoja alikuwa anangoja habari kama hiyo.

Ralph Hoffman alikuwa daktari wa magonjwa ya akili pale Yale, mji wa New Haven. Pamoja na Thomas McGlashan, alikuwa ametengeneza ubongo wa kuchezea ndani ya kompyuta, mtandao mdogo wa seli bandia uliofundishwa kutambua maneno kwenye kelele. Halafu wakaanza kukata viunganishi vyake, kwa sababu ubongo wa kijana hupunguza viunganishi vyake wakati anakua. Ukikata kiasi, mtandao unakuwa hodari zaidi, unabahatisha neno hata likisikika vibaya. Ukikata kupita kiasi, unaanza kutambua maneno wakati hakuna aliyesema kitu. Programu inasikia sauti! Walichapisha hayo 1997. Na umri ambao ukataji huo huendelea ndio ule ule ambao ugonjwa hupenda kuanza. Nilipoisoma hii mara ya kwanza nilisimama nikatembea kidogo.

Kwa hivyo Hoffman akawaza hivi: kama eneo la kusikia maneno limewaka kupita kiasi, na sumaku ya polepole inapoza, si uligonge hilo? Akachagua sehemu ya kushoto, juu na nyuma kidogo ya sikio. Mwaka wa 1999 akaripoti wagonjwa watatu. Wawili kati yao sauti zilikaribia kuisha kabisa kwa wiki mbili au zaidi. Mwaka wa 2000, jarida la Lancet likachapisha jaribio la watu 12, dozi zikianzia dakika 4 hadi 16 kwa siku. Nafuu tena. Mwaka wa 2003, watu 24, siku 9, na takriban nusu ya waliopata sumaku ya kweli walikaa na nafuu angalau wiki 15. Hao ni watu ambao dawa zilikuwa zimewaangusha. Wiki 15 za kulala vizuri si kitu kidogo, muulize yule jamaa wa redio.

Kitu kimoja kuhusu hayo majaribio nakipenda kuliko sumaku yenyewe: koili ya uongo. Ukimweka mtu kwa kiti kizuri, daktari wa chuo kikubwa anamgusa kichwa kila asubuhi na mashine inalia, mtu atajisikia nafuu hata kama mashine haifanyi lolote. Kwa hivyo kundi moja liliinamishiwa koili pembeni. Mlio ni ule ule, kugongwa ni kule kule, ila nguvu nyingi inapotea hewani badala ya kuingia ndani. Mgonjwa haambiwi yuko kundi gani. Hii ndiyo tofauti kati ya sayansi na ushuhuda. Kila mtu anayewauzia mkanda wa kichwa wa kuongeza akili mtandaoni ana ushuhuda tele. Muulizeni koili yake ya uongo iko wapi.

Na ni hiyo koili ya uongo iliyoharibu sherehe. Kila jaribio lilipokuwa kubwa zaidi, tofauti kati ya makundi ilizidi kupungua. Mwaka wa 2011, Christina Slotema, Iris Sommer na wenzao kule Utrecht, Uholanzi, walichukua wagonjwa 62 na kuwagawa kwa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipigwa picha ya ubongo kwanza, koili ikalenga pale hasa panapowaka mtu akisikia sauti. Kundi la pili lililengwa mahali pa Hoffman. Kundi la tatu lilipata ya uongo. Matokeo? Hakuna tofauti. Yaani hata ukilenga kwa ramani ya kichwa cha mgonjwa mwenyewe, hukuweza kushinda koili iliyoangalia pembeni. Mwaka wa 2015, shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima ushahidi wa tiba, lilikusanya majaribio 41 ya sumaku kwa skizofrenia na kusema ushahidi hautoshi kusema ndiyo wala la.

Wengine wakajaribu njia tofauti. Mwaka wa 2012, Jérôme Brunelin na wenzake kule Lyon, Ufaransa, walitumia umeme mdogo sana, miliampia 2, kupitia sponji mbili kichwani, dakika 20, mara mbili kwa siku kwa siku tano. Watu 30. Sauti zilipungua kwa karibu theluthi. Kisha waliorudia mahali pengine, wengine wakapata, wengine wakakosa. Tafadhali usijaribu na betri nyumbani, najua kuna mtu hapa ashafikiria.

Kwa nini inakuwa hivyo? Maoni yangu, na yachukue kama maoni: nadhani kosa liko kwenye kudhani sauti ni kitu kimoja chenye anwani moja. Gould na McGuire walikuta mdomo wa ubongo unaongea. Hoffman alilenga sikio lake. Inawezekana kuna wagonjwa wa aina ya kwanza na wa aina ya pili, tukawaweka wote kwa foleni moja kwa sababu wote walisema neno moja, "nasikia sauti". Katika lile kundi la Utrecht huenda kulikuwa na watu walionufaika kweli, wakamezwa na hesabu ya wastani. Nani kati yao, hakuna picha ya ubongo iliyoweza kuwachagua mapema.

Halafu kuna lile ambalo koili hailigusi kabisa, na ni maneno yenyewe. Mwaka wa 1987 kule Uholanzi, daktari Marius Romme alienda kwenye televisheni na mgonjwa wake Patsy Hage, aliyekuwa anataka sauti zake zichukuliwe kwa uzito. Mamia ya watu walipiga simu kwamba nao wanasikia, na baadhi yao walikuwa wanaishi nazo bila shida kubwa. Baadaye Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu wenye sauti, 20 California, 20 Accra na 20 Chennai. Wamarekani walisimulia zaidi vurugu na chuki. Wa Accra, wengi walisema sauti iliyo muhimu kwao ni ya Mungu, na inawaambia wasizisikilize zile mbaya. Ugonjwa una jina moja, lakini kinachosemwa ndani ya kichwa kinategemea umekulia wapi. Sijui ungeweka koili wapi kwa hilo.

Hali ilivyo: Marekani iliruhusu mashine ya sumaku kwa sonona mwaka wa 2008 na baadaye kwa ugonjwa wa kurudia-rudia mambo mwaka wa 2018. Kwa sauti za skizofrenia haijairuhusu. Watafiti hawajaacha, siku hizi wanajaribu mipigo ya haraka haraka na pande zote mbili za kichwa. Hatari kubwa inayojulikana ni degedege, nayo ni nadra. Kwa hivyo ukisikia kliniki popote inakuambia italeta kimya kwa uhakika, waulize watagonga wapi, mara ngapi, nani alipimwa dhidi ya koili ya uongo, na kama wanakutaka uache dawa. Wakisema uache dawa, toka hapo mbio.

Na kama ni wewe unayesikia, au ni mtu wa chumba cha pili, hospitali ya kaunti inaweza kukuelekeza kwa kliniki ya akili. Maombi endeleeni nayo, hayagongani na miadi ya daktari. Carothers nitamrudia peke yake wiki ijayo, huyo anahitaji muda wake.